Udugu wa Daraja la Tatu

Harlow, Massachusetts
10 Novemba 1889

Babu Anthime,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua yangu, maana mara ya mwisho nilikuandikia Bibi alipovunjika nyonga, na sasa nasikia Bibi anatembea kunishinda mimi. Mpe salamu, lakini barua hii usimsomee kwanza. Namwandikia mtunza sakristia, mwenye vitabu na kengele za kanisa, simwandikii kaka yake Bibi.

Naolewa. Anaitwa Onésime Vadnais, ni fundi wa mashine za kufumia hapa kiwandani. Ni mpole, hanywi, na ana masikio makubwa ambayo nimeshayazoea. Mwezi wa tano mashine yangu iliharibika mara tatu kwa wiki moja, akaja kuitengeneza mara tatu. Ile mara ya tatu niliiharibu mimi. Usimwambie mtu.

Tulikwenda kwa padri ili ndoa itangazwe. Akatuuliza asili yetu: baba nani, mama nani, bibi nani, wa parokia gani. Onésime akasema bibi yake mzaa mama alizaliwa Sainte-Euphrosine, huko Kanada. Mimi nikasema bibi yangu mzaa baba alizaliwa hukohuko. Padri akaweka kalamu chini. Anasema hatangazi kitu mpaka aone kwa maandishi vizazi vinne vya kila upande, vilivyonakiliwa kutoka kwenye vitabu vya parokia yenu.

Bibi yake Onésime, marehemu sasa, aliitwa Ursule Ducharme. Bibi yetu ni Scholastique Tétrault. Majina hayo hayakaribiani hata kidogo, kwa hiyo ni kazi ya kunakili tu. Nakuomba unakili haraka, Babu. Jumatano ya Majivu ikitukuta hatujafunga ndoa, itabidi tungoje mpaka Pasaka ipite, na mimi kungoja sikujaliwa.

Baba hajambo. Yuko bado kwenye chumba cha kutia rangi na mikono yake wiki hii ni ya buluu. Hasemi kitu, unamjua, lakini juzi alimwazima Onésime koti lake la baridi, nikajua amekubali.

Mjukuu wako,
Délima Plourde


Sainte-Euphrosine
19 Novemba 1889

Délima,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi, na si kwa sababu ya harusi.

Nyinyi mliokulia viwandani mnadhani mtu ana jina moja tu la ukoo. Sisi tuna mawili, tangu mzee wetu wa kwanza ashuke melini akiwa askari. Kwao aliitwa Tétrault, wenzake jeshini wakambandika Ducharme, na tangu siku hiyo sisi ni Tétrault waitwao Ducharme. Kila mtu hushika upande anaoupenda. Siku dada yangu mkubwa alipobatizwa, baba yetu alikuwa amegombana na kaka zake kwa ajili ya uzio, hakutaka kulisikia jina la Tétrault, akamwandikisha Ducharme. Tulipozaliwa sisi wengine walikuwa wameshapatana.

Ursule Ducharme ni dada yangu, mjukuu wangu. Tumbo moja na bibi yako. Aliolewa mbali, upande wa mpakani, nikiwa kijana, na tangu hapo tulionana mara mbili tu. Habari ya kifo chake umenipa wewe kwa neno moja, bila kujua. Sikulaumu. Nimempigia kengele, na Scholastique nimemwambia nilipopata ujasiri.

Sasa hesabu mwenyewe. Mama yake Onésime ni mtoto wa mama mkubwa wa baba yako. Nyinyi wawili ni ndugu wa daraja la tatu, na Kanisa linazuia ndoa mpaka la nne. Usilie. Padri wenu ataomba ruhusa kwa askofu, basi. Huku kwetu zinaombwa kila mwaka, maana tuko wachache na baridi ni ndefu.

Nitanakili, ila nipe muda. Kila msichana kitabuni anaanza na Marie, kila mvulana anaanza na Joseph, na paroko wa zamani alikuwa na mwandiko kama kuku kaparura.

Babu yako,
Anthime Tétrault


Harlow
1 Desemba 1889

Babu,

Pole kwa dada yako. Nimeona haya, nimekuandikia kifo chake kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwambie Bibi pole yangu pia.

Padri amekataa. Nilimwonyesha barua yako nikidhani atafurahi kwa kuwa ni ya mtu wa kanisa. Alisema ruhusa haiombwi bila sababu inayokubalika, na kwamba mji huu umejaa vijana Wakanada, nina haja gani ya kumng'ang'ania ndugu yangu. Nikamwambia sababu ni kwamba nampenda. Akasema hiyo haimo kwenye orodha.

Onésime anasema twende kwa hakimu wa mji, tuandikishane, yaishe. Wenzetu wawili kiwandani wamefanya hivyo. Lakini nikifunga ndoa nje ya kanisa sitakanyaga tena mlangoni kwa Bibi, hilo unalijua kuliko mimi. Jana tuligombana barabarani mbele ya watu. Aliniuliza kama nataka kuolewa na yeye au na bibi yangu. Nikamwambia Bibi ana adabu zaidi. Leo hakuja.

Babu, nitafutie kosa. Umesema mwenyewe paroko alikuwa na mwandiko mbaya. Labda kuna Ursule mwingine, labda kuna ukurasa umerukwa. Nikimkosa Onésime sitaki mwingine, nakuambia mapema.

Délima


Sainte-Euphrosine
14 Desemba 1889

Délima,

Nimetafuta kosa uliloniagiza, sikulipata. Ursule ni Ursule. Nimepata jingine ambalo sikuagizwa, na siku nne nimekaa nalo sijui nilipeleke wapi.

Nilikuwa namnakili baba yako. Tarehe 3 Machi 1845 amebatizwa Joseph-Hilaire, mtoto wa Moïse Plourde na Scholastique Tétrault. Vizuri. Nikaandika. Kisha, nikitafuta mwingine kabisa, macho yangu yakaangukia kwenye mazishi: tarehe 11 Agosti 1847 amezikwa Joseph-Hilaire Plourde, umri miaka miwili na miezi mitano, mtoto wa haohao. Kwa mujibu wa kitabu, baba yako anatia rangi nguo huko Marekani akiwa amezikwa hapa miaka arobaini na miwili.

Usicheke. Nami nilicheka, kisha nikaacha. Unajua desturi yetu: mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lake. Nikasema, basi alizaliwa Hilaire wa pili. Nimepitia ubatizo wa miaka kumi iliyofuata, jina kwa jina. Hayumo.

Mimi mwaka ule nilikuwa misituni kaskazini nikikata magogo. Niliporudi, miaka minne baadaye, nilikuta mvulana anaitwa Hilaire, akanikalia mguuni kama ananijua. Nilimwona mkubwa kwa umri wake. Nikadhani ni mapishi ya dada yangu, na kijijini hakuna aliyeniambia lolote.

Nilikwenda kumuuliza Scholastique. Aliniuliza kama nimeshapiga kengele ya saa sita. Nikasema nimeshapiga. Akaniambia nikapige tena.

Anthime


Harlow
22 Desemba 1889

Babu Anthime,

Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Kama Baba hakuzaliwa na Bibi, basi mimi na Onésime hatuna udugu wowote, na hakuna haja ya askofu. Niliposema hivyo moyoni nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikatazama ni kitu gani hasa nilichokifurahia, nikaketi.

Baba yuko hapa karibu na jiko, anaweka soli kwenye kiatu changu. Nimemtazama jioni yote. Tumezoea kusema nywele zake nyekundu ni za upande wa Plourde. Babu, umewahi kumwona Plourde mwenye nywele nyekundu? Mimi sijawahi, na sikuwahi kujiuliza.

Nilimwambia Onésime. Tumepatana, alikuja na chungwa moja akasimama nalo mlangoni kama mtu aliyetumwa. Aliposikia hakuruka kama nilivyotarajia. Aliniuliza, "Na mzee je?" Nikasema mzee hajui. Akasema, "Basi tutembee polepole."

Muulize Bibi tena, tafadhali. Muulize kwa upole, na ukitumwa kengele, ipige kisha urudi.

Délima


Sainte-Euphrosine
7 Januari 1890

Mjukuu wangu Délima,

Ni mimi bibi yako. Anthime anaandika ninayosema na nimemkataza kuongeza ya kwake.

Hilaire wangu alikufa kwa ugonjwa wa koo. Siku tatu tu. Nyumba yote ikanyamaza, kwa maana nilikuwa na huyo tu. Mwezi uliofuata paroko alitangaza kanisani kwamba wanaletwa watoto wa Waayalandi, ambao wazazi wao walikufa kwa homa ya meli kule kwenye kisiwa cha karantini. Walishushwa kwenye ngazi za kanisa. Moïse wangu alikwenda kuchagua kijana mkubwa wa kusaidia mavuno. Akarudi na kitoto kidogo. Nikamuuliza, "Hiki kitavuna nini?" Akasema, "Ndiye aliyebaki kwenye ngazi."

Sikumtaka. Andika hivyo, Anthime. Nilimpa chakula na sikumpa neno. Jina alilokuja nalo hakuna aliyeweza kulitamka. Na mimi kila mchana nilikuwa najisahau, nafungua mlango naita, "Hilaire, njoo ule," kisha nakumbuka, nafunga. Siku kumi na moja hivyo. Siku ya kumi na mbili nikaita, na yule mtoto akaingia, akapanda kwenye kiti cha mwanangu. Nikadhani ana njaa. Nilitaka kumshusha. Nikampakulia.

(Ameniambia nisiandike kwamba amelia. A.)

Tangu siku hiyo ni Hilaire. Paroko hakumbatiza tena kwa kuwa Waayalandi walikuwa wameshambatiza wao. Alipokuja kuoa, paroko yuleyule alitoa cheti cha ubatizo cha mwanangu marehemu, akanitazama, nami nikamtazama. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza. Nitakwenda kwa paroko wa sasa, nitaweka mkono kwenye Injili niape kwamba Hilaire sikumzaa. Karatasi itatumwa kwa padri wenu. Wewe na kijana wako mtakuwa si ndugu, muoane kabla ya Kwaresima bila kumwomba mtu. Usinionee huruma. Ursule amekufa nikiwa sijamwona miaka thelathini, na mjukuu wake anataka kuja nyumbani kwetu. Nimzuie mlangoni kwa ajili ya siri yangu?

Nakuomba jambo moja tu. Padri apewe karatasi, baba yako asiambiwe. Nimekuwa mama yake miaka arobaini na miwili, sitaki kuachishwa kazi uzeeni.

Bibi yako,
Scholastique
(ameweka alama ya msalaba)


Harlow
2 Februari 1890

Mama,

Shikamoo. Ni mimi mwenyewe ninayeandika, ndiyo maana herufi ni kubwa. Délima alitaka kuniandikia, nikamwambia hapana.

Barua yako aliificha ndani ya kiatu chake cha Jumapili. Humu ndani mwenye kung'arisha viatu ni mimi. Nilisoma taratibu, nikairudisha. Siku tatu tulikaa hivyo, yeye anaificha na mimi najua ilipo. Siku ya nne nikamwambia, na sasa nakuambia wewe.

Mama, nilijua. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa na miaka minne, labda mitano. Niliitwa Owen. Namkumbuka mwanamke aliyekuwa akiniimbia kwa lugha ambayo sijaisikia tena, na nakumbuka alivyoacha kuimba. Nilipofika kwako, watoto wa jirani walinionyesha kaburi siku ya pili tu, wakanitajia jina huku wakilielekezea kidole. Kwa hiyo ulipokuwa ukiita mlangoni, nilikuwa nyuma ya kuni na nilielewa kwamba huniiti mimi. Siku kumi na moja nilikusikia unaita, na haji mtu. Nikawaza, huyu mama ataita mpaka lini. Basi nikaja.

Njaa sikuwa nayo. Ulikuwa unanilisha vizuri hata uliponichukia.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani ukijua kwamba najua, hutaniita tena. Nilipokuwa mkubwa nilitaka kusema, na kila mara ulikuwa na kazi, au mimi nilikuwa nayo. Ndivyo miaka ilivyokwenda. Mke wangu alikufa bila kujua. Nisamehe kwa kuwa umelibeba hili peke yako, na mimi nilikuwa nalibeba chumba cha pili.

Sasa habari ya watoto. Nilipomwambia Délima, nilikuta ameshaamua. Karatasi ya kiapo haitaki. Alisema, "Baba, kama niko huru kwa sababu Bibi si bibi yangu, huyo aliye huru mimi simjui." Nilimuuliza Onésime naye anasemaje. Akasema anapenda kuwa na ndugu, kwao wamebaki wachache.

Tulikwenda kwa padri sote watatu, tukiwa na nakala za Mjomba Anthime. Padri aliniuliza kama niko tayari kuapa kwamba mimi ni mwana wa Scholastique Tétrault. Nikaapa. Hakuniuliza nani alinizaa. Akasema vizuri, basi ni daraja la tatu, na sababu bado hajaiona. Délima akawa mwekundu, akasema, "Padri, nina miaka ishirini na minne, nakaribia ishirini na mitano."

Onésime akageuka. "Uliniambia ishirini na miwili."

"Nilikuwa na ishirini na miwili nilipoanza kusema hivyo."

Padri hakucheka, lakini alivuta kitabu kikubwa, akatafuta kwa kidole. Kumbe sheria inasema msichana aliyetimiza miaka ishirini na minne bila kupata mume mwingine anayefaa, hiyo ni sababu. Imo kwenye orodha. Akaandika kwa askofu palepale, kwamba binti amezeeka. Délima amenuna wiki nzima, kisha jana nikamsikia anamsimulia mwenzake ngazini na wanacheka.

Majibu ya askofu hayatawahi Jumatano ya Majivu. Watangoja Pasaka ipite. Onésime anakuja kila Jumapili, anakula, ananisaidia kupasua kuni, na nimemwambia lile koti akae nalo.

Usiende kwa paroko, Mama. Ulichosema utakwenda kukiapa ni kweli, lakini si kweli yote, na kitabu chao hakina nafasi ya kuandika iliyobaki.

Mwanao,
Hilaire


Sainte-Euphrosine
23 Aprili 1890

Délima, sasa mke wa Vadnais,

Nakala ya cheti chenu cha ndoa imefika pamoja na kipande cha keki, ambacho kilifika kikiwa unga. Tumekila hivyohivyo kwa kijiko.

Barua ya baba yako ya mwezi wa pili nilimsomea Scholastique mara moja tu. Hakutaka mara ya pili. Aliichukua, akaiweka kifuani ndani ya nguo, na kwa kuwa hajui kusoma, sijui anaitoa kufanya nini kila siku, lakini anaitoa. Kwa wiki nzima hakunituma kengele yoyote. Nilianza kuogopa.

Jana nilimsomea cheti. Niliposoma majina alinipungia mkono nipite. "Soma pale pa askofu." Nikasoma: ya kwamba bwana harusi na bibi harusi ni ndugu wa damu wa daraja la tatu, kwa bibi zao wawili Ursule na Scholastique, na kwamba askofu amewaruhusu.

"Ameandika ndugu wa damu?"

"Ameandika."

"Kwa upande wa Hilaire?"

"Kwa upande wa Hilaire mwana wa Scholastique. Hili hapa jina lako, dada."

Akaligusa kwa kidole, palepale nilipomwonyesha. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa sakristia na dhamiri ilikuwa inanisumbua, nikaanza kusema kwamba, kwa haki kabisa, mbele ya Mungu, jambo hili askofu hakuelezwa sawasawa.

"Anthime," akasema, "huyo ni askofu au si askofu?"

"Ni askofu."

"Amesoma kuliko wewe?"

"Amesoma."

"Basi mtu amesoma hivyo, ameandika damu, na wewe mpiga kengele unataka kumsahihisha."

Sikumsahihisha. Anawangoja nyote watatu mwezi wa saba, kiwanda kikifungwa. Anasema Hilaire atalala kwenye kitanda chake cha zamani, na kwamba nikuulize huyo Onésime anakula nini.

Babu yako,
Anthime Tétrault aitwaye Ducharme